Uzi wa Kijani wa Edith

Leo kwenye basi la kutoka Halifax nilikaa nyuma ya bibi mmoja aliyepakata bendera kuukuu ya chama cha wanawake waliopigania haki ya kupiga kura mjini kwetu. Alikuwa anaipeleka makumbusho. Zamani kila mwanachama alishona jina lake humo.

Mama wa kiti cha pili akainama kutazama. "Hee! Lavinia Sutcliffe! Si mama yake bibi yangu huyo? Sisi tuliambiwa jina lake walilifumua."

"Walimfumua kweli, kipenzi. Wenzake gerezani waligoma kula, yeye akanywa supu."

"Supu tu? Si mngempa na mkate!"

Nilichekea ndani ya skafu yangu. Bibi hakucheka.

"Bibi yangu Edith ndiye aliyemfumua. Sasa jina linarudi lenyewe. Mwaka huu nimelifumua mara tatu."

"Liache, basi. Njaa si dhambi."

"Aliapa kugoma mbele ya wenzake! Ila kila nikimfumua Lavinia, jina la Edith linapungukiwa herufi. Tazama, amebaki na mbili hizi za kijani."

"Sasa si uache kufumua, mama?"

"Nikiacha, nimekiri kwamba Edith alikosea."

Basi likasimama makumbusho. Bibi akakunja bendera, akashuka kidevu juu, hata kuaga hakuaga. Dirishani niliona uzi wa kijani ukining'inia kwenye bendera. Ulikuwa unarefuka kila hatua, na hakuna aliyeuvuta.