Daftari la Miti Mama la Bwana Matundu

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, yule dada anayemfuata. Familia ilitafuta msomaji mwenye sauti ya upole, ikamkosa. Mtanivumilia.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Machi 1951, wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yetu alikuwa mpasua mbao, na nyumbani vumbi la msumeno lilikuwa mpaka kwenye mito ya kulalia. Kaka alimaliza shule ya msingi mwaka 1966, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha misitu, ambako alipata cheti tarehe 12 Novemba 1973. Baba alifurahi kupita kiasi, akidhani sasa amepata mtu wa kumpa vibali vya kukata. Maskini baba! Kibali cha kwanza alichoomba kwa mwanawe alinyimwa, wakanuniana mwaka mzima.

Januari 1974 aliajiriwa kuwa bwana miti, na msitu aliopangiwa ndio aliostaafia. Kazi yake ilikuwa kupanda misonobari ya mbao, kuipogoa, kupunguza ile dhaifu ili iliyobaki inenepe, na kuivuna kwa zamu. Lakini katikati ya misonobari aliiacha miti mikubwa ya asili: ya kutoa mbegu, ya kushika kingo za kijito, na ile yenye matundu ambamo bundi, komba na hondohondo walizalia. Wafanyakazi walimwambia mti wenye tundu ni kuni tu. "Kuni kwako," aliwajibu, "kwa mwenzio ni nyumba." Ndipo wakambandika jina la Bwana Matundu, likamganda.

Tarehe 5 Agosti 1978 alimwoa wifi yangu, fundi cherehani wa sare za shule. Siku ya kujitambulisha ukweni alichelewa saa tatu nzima, wazee wamevimba kwa hasira. Akaingia na matope magotini, akaeleza kwamba alikuwa akimtazama hondohondo dume anavyomlisha jike aliyejiziba ndani ya tundu. Kisha akamgeukia mchumba wake: "Mimi sitakuziba, ila chakula nitaleta." Wifi akajibu mbele ya wazee, "Lete. Lakini kitasa kiwe upande wangu." Waliishi pamoja miaka arobaini na mitano, na kitasa kweli kilikuwa upande wake.

Kuanzia 1990, bila kutumwa na mtu, aliandika daftari la miti mama, ndiyo ile ya asili aliyoiacha. Miti mia mbili na kumi na miwili, kila mmoja na namba yake ya bati, unene wake, kiumbe kinachozalia humo, na njia ya kuufikia. Aliogopa kwamba atakayekuja baada yake hatajua ipi ya kulinda. Alipostaafu, tarehe 30 Juni 2011, alilikabidhi daftari ofisini kwa mikono miwili. Nilikuwepo. Sijawahi kumwona na furaha ile.

Mwaka 2021 ofisi ilipitisha uvunaji wa miti mikubwa. Mnadhani waliitafuta? Wapi! Walifungua daftari la kaka yangu. Aliposikia misumeno alikwenda, na msimamizi wa wakataji akampa mkono kwa heshima, bila kejeli hata chembe: "Mzee, kazi yako safi sana. Hatujapoteza hata siku moja kutafuta." Kaka alikwenda ofisini mara tisa kuomba arudishiwe daftari. Mara ya tisa bwana miti mpya alimwambia, "Mzee wangu, maji yakimwagika hayazoleki." Hakuwa mtu mbaya. Kibali alikuwa nacho, na kilikuwa halali. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hata mwizi wa kumlaani sina.

Jioni ile alimwambia wifi, "Ningekuwa mvivu, ingesimama yote."

Tarehe 9 Februari 2022 alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kulia. Alilazwa wiki tano, kisha tukamwekea kitanda sebuleni. Ulimi ulikuwa mzito, lakini kila Jumamosi nilipofika swali lilikuwa lile lile: "Imebaki mingapi?" Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kuhesabu. Nikakuta themanini, nikamwambia themanini. Ikawa hamsini na tano, nikamwambia. Ikafika arobaini, akalia kama mtoto, na tangu siku hiyo sikuthubutu tena kumwambia kweli. Kila Jumamosi nikawa nasema arobaini. "Na ule wa kijitoni?" "Upo, kaka." Haukuwepo.

Alifariki Jumanne, tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, wifi akimnywesha maji kwa kijiko.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu sita na sisi wadogo zake wanne. Kwenye karatasi mliyopewa mlangoni, watoto wake wameongeza, "na miti arobaini aliyoilinda hadi mwisho." Waliandika hivyo kwa sababu na wao niliwaambia hivyo. Mwenye kalamu aufute mstari huo. Mti wa mwisho ulikatwa tarehe 21 Aprili mwaka huu, nami nilikuwa nimesimama pale.

Kaka, nilikudanganya, nawe umeondoka ukiniamini. Pumzika kwa amani.