Kitambaa Nilichofungia Pua ya Stima

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na mlioketi mbele, asifiwe na nyinyi wa kijiji cha Hewani mliosimama nje mkiogopa kuingia. Asifiwe hata na bwana yule anayesinzia pale kwenye nguzo, maana leo hatasinzia mpaka mwisho.

Mimi ni Yohana Jilo. Wengi mnanijua kwa domo langu na kwa masizi yasiyonitoka kuchani. Leo domo hili lina kazi ngumu, basi nivumilieni.

Miaka saba iliyopita nilikuwa mchochea moto katika stima ya misheni, ile iliyopeleka mpunga Kipini kule pwani na kurudi na chumvi na nguo. Bwana wa mashine alikuwa Fundi Shee, Mwislamu wa Kipini, mtu mpole kupita kiasi. Kila asubuhi kabla hatujawasha moto alishika spana akagonga bwela, lile pipa kubwa la chuma la kuchemshia maji, mara tatu. Ko, ko, ko. "Amka, mke mwenza," aliliambia, na sisi tulicheka kila siku kama tunasikia mara ya kwanza.

Juu ya bwela palikuwa na tundu lililofunikwa kwa mkono wa chuma wenye jiwe la uzito. Mvuke ukizidi uliuinua ule mkono, ukatoka. Fundi Shee aliliita pua. "Jilo," aliniambia, "chezea chochote humu, lakini pua usiiguse. Hiyo ndiyo inayotuacha hai."

Sasa, pua ile ikipumua ilinguruma, na nyinyi watu wa mtoni mnajua ilinguruma kama nini. Kama ngadzi! Ile ngoma ya siri ya wazee wetu, ambayo ikilia msituni wanawake na watoto hujifungia ndani wasije wakaiona. Stima ikipita Hewani, akina mama walitupa michi, wakabeba watoto, milango ikafungwa pa! pa! pa! Mwisho Mzee Buya, mjomba wangu, akaniita.

"Mpwa wangu, chombo chenu kinatutukana," alisema. "Kinaliza ngoma yetu mchana kweupe, mbele za wanawake. Kikipita hapa tena, kinyamaze."

Ndugu zangu, mjomba ni mjomba! Nilikuwa nimebatizwa, ndiyo, lakini hofu ya wazee haikuzama majini pamoja nami siku ile. Nilirarua kipande cha kaniki yangu. Kila tulipokaribia Hewani, Fundi akiwa mbele anaangalia mafungu ya mchanga, mimi nyuma niliufunga ule mkono wa chuma usiinuke, kwa fundo lile tunalofungia mtego wa samaki. Tukishapita kona, nafungua. Hakuna aliyejua. Mjomba alifurahi, akaniletea asali.

Siku moja tukakwama kwenye mchanga, hapo hapo chini ya Hewani. Tuliruka majini kusukuma kwa mabega. Moto unawaka, pua imefungwa, na mimi nimesahau! Fundi Shee alibaki ndani peke yake. Nilimwona ameinama, ametega sikio kwenye bwela, kama mtu anayesikia akiitwa kwa jina. Kisha bwela likapasuka. Alitupwa mtoni ndani ya wingu jeupe, na stima ikalala ubavu, ikazama. Tulimtafuta kutoka Hewani mpaka kijiji cha Wema, kingo zote mbili. Hatukupata hata kofia.

Padri aliniuliza, "Imekuwaje?" Nikajibu, "Fundi alizidisha moto, kisha akasinzia." Basi. Maneno matano tu! Mate hayajanikauka, uongo umeshafika Kipini. Mkewe, Mwana Esha, hakuletewa maiti wala rambirambi, aliletewa masengenyo. Mke wa mzembe. Mke wa aliyelala kazini. Alikimbia midomo ya watu wa Kipini, akaja kusuka mikeka hapa Garsen, na hapa pia midomo ikamfuata. Nilikuwa nikikutana naye njiani. Nilikuwa nikimwamkia! Niliweza vipi, sijui.

Mwaka huu mto umehama, mmeona wenyewe. Ulijikatia njia nyingine, ukaiacha stima imesimama kwenye tope kavu. Padri alifurahi, akasema itafufuliwa, na anayeijua ni Jilo peke yake. Tuliivuta kwa kamba mpaka banda la misheni. Niliifungua chuma baada ya chuma, nikavipanga juu ya majamvi. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Niliilowesha kwa uto wa simsim siku tisa ndipo ikakubali. Ndani ya mabomba nilitoa tope, konokono, na mifupa ya samaki. Nilisugua kwa mchanga, nikasokota kamba za pamba zenye mafuta ya ng'ombe za kuzibia viungo, nikatia kiraka cha shaba pale bwela lilipopasuka.

Na adhuhuri ya siku ya kumi, wenzangu wamekwenda kula, niko peke yangu bandani, nikasikia. Ko, ko, ko.

Niliingiza kichwa ndani ya bwela. Tupu, kavu. Kesho yake saa ile ile, ko, ko, ko. Nikasema ni joto, chuma hutanuka, mimi ni fundi bwana, sitishiki! Lakini chuma gani hutanuka mara tatu kisha kikanyamaza? Na mabomba niliyoyaanika juani nikiyashika yalikuwa yakitona maji ya mto, baridi, yenye tope. Ndugu zangu, nilitoka mbio nikaenda kula hali sina njaa.

Kulikuwa na mfugaji, Guyo Mworma, aliyeniletea mafuta ya ng'ombe. Kiswahili chake ni cha kuokoteza na hajui habari zetu za zamani. Siku moja aliweka kibuyu chini akanitazama kwa hasira.

"Jilo, wewe mtu mbaya. Mzee ile ya kofia, nguo yake maji-maji, kila siku nakaa karibu ya chuma. Kwa nini wewe hapana pa yeye chakula?"

Nikauliza, mzee gani? Akanyoosha kidole kwenye jamvi. Jamvi lilikuwa halina mtu. Lilikuwa limelowa.

Siku ile nilikuwa nikisafisha ile pua. Lilipodondoka bonge la mwisho la tope, nikakiona kitambaa changu. Miaka saba majini, na fundo langu la mtego bado limeshika! Nilijaribu kulifungua kwa kucha, kwa meno, kwa msumari. Halikulegea. Nilichomoa mkono wa chuma kutoka katikati yake, nikakisunda kitambaa kibindoni.

Tuliunganisha yote, tukawasha moto. Mashine ilizunguka vizuri ajabu. Lakini kipimo cha mvuke kilipanda mpaka kwenye alama nyekundu na pua haikufunguka. Nilikuwa nimeisafisha! Ikipoa, unaiinua kwa kidole kimoja. Ikichemka, inaganda kama imefungwa. Mara tatu tuliwasha, mara tatu niliuvuta moto nje ya tanuri. Na padri anahesabu watu wa kusafiri: akina mama, wagonjwa, magunia. Nikajua. Nikinyamaza tena, nitaua tena.

Nilipiga magoti pale pale kwenye majivu. Sikuona nuru, sikusikia malaika, nisije nikawadanganya humu kanisani. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka kuogopa." Na kabla sijasema amina, nyuma yangu: ko, ko, ko. Safari hii sikukimbia. Nilisema, "Nakuja, Fundi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwana Esha.

"Hodi. Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona magoti yako yamejaa majivu?"

Nikakiweka kile kitambaa juu ya mkeka wake na nikamwambia yote, mpaka asali ya mjomba. Hakulia wala hakupiga ukelele. Alikivuta karibu, akaligusa fundo kwa kidole.

"Hata mlango wangu alikuwa akigonga hivyo," alisema. "Mara tatu. Miaka saba, kila adhuhuri, nagongewa. Nikifungua hakuna mtu, na kizingiti kimelowa. Nilidhani nimeingiwa na wazimu."

"Nisamehe, Mama."

"Humu ndani?" Akaniangalia mpaka nikainama. "Mume wangu hakutukanwa humu ndani, Jilo. Ametukanwa mbele za watu. Kaseme huko. Kisha nitaangalia moyo wangu."

Kisha akachukua sindano yake ya kusukia, akachokoa lile fundo mara moja tu. Likafunguka.

Ndiyo maana nimesimama hapa, jamani. Hiki hapa kitambaa, kitazameni! Fundi Shee hakuzidisha moto. Fundi Shee hakusinzia. Alikufa akiisikiliza mashine yake, na aliyemwua ni mimi, kwa hofu yangu na kwa fundo langu. Sihitaji padri anitetee. Na wewe, mjomba Buya, usiinamishe kichwa huko nje. Neno ulisema wewe, lakini mikono ilikuwa yangu.

Stima iko mtoni sasa hivi, inachemka. Nimemwacha Komora, mwenzangu wa bandani, na agizo: kipimo kikigusa alama nyekundu, avute moto na akimbie. Sikungoja pua ifunguke ndipo niseme. Nimesema kwanza.

Mnasikia?

Kaeni, kaeni! Akina mama wa Hewani, msikimbie, wekeni watoto chini! Si ngadzi hiyo, hakuna ngoma ya mtu inayotukanwa. Ni pua! Imefunguka! Lo, Bwana, imefunguka yenyewe! Acheni ingurume. Acheni nilie.

Namshukuru Mungu aliyenigongea moyoni miaka yote ile na hakuchoka. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna kitu umekifunga ili wakubwa wasikukasirikie, kifungue leo. Mwamini Yesu, kisha nenda kwa uliyemkosea, kwa miguu yako, ukabishe hodi. Usingoje mto uhame.

Mimi nimemaliza. Ila subirini. Nyamazeni kidogo, mmesikia hivyo? Mara tatu, pale mlangoni.

Msiogope. Leo mkono unaogonga ninauona. Una sindano ya mikeka, na mwenyewe analia.

Karibu, Mwana Esha. Ingia, mlango uko wazi.