Video Iliyotoka Sebuleni kwa Mitambo

Upepo wa Sumbawanga asubuhi unauma masikio, ndiyo maana benchi letu la nyuma ya soko halikosi watu wala kahawa. Bunge, dereva mstaafu wa lori la mahindi, hukaa katikati. Kasuku, kinyozi, hukaa jirani na kibanda chake. Jumatatu ile wote wawili walikuwa wameinamia vikombe pale Mitambo alipotoka nyumbani kwake, nyumba inayopakana na benchi. Mitambo ni Marselino, fundi madishi. Mwaka huu alifunga nyumbani ruta ya VPN, ya kuficha mawasiliano, akatutangazia kwamba hata shetani hapiti. Halafu video ya kamera ya sebuleni kwake ikazagaa mtaani: mkewe Adela, mwalimu wa kwaya, amevua kilemba mbele ya kioo, kichwa kitupu, analia. Dawa za saratani zilikuwa zimemmaliza nywele, na mtaani hakuwa amemwambia mtu.

— Jamani, wameingiaje? Mitambo aliuliza hata kabla ya salamu.

— Wa ng'ambo hao, Bunge akawahi. Ukiwa Kirando, kule ufukweni Tanganyika, simu inashika mtandao wa Kongo. Wamepitia ziwani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapa? Mitambo akauliza.

— Wanaingia kidogo kidogo, mshikaji.

Kasuku akadakia, macho chini:

— Mi nasema ile radi ya juzi. Radi za huku si zinatumwa na wachawi? Imepiga dishi, imenyonya picha, ikazimwaga kwenye masimu.

— Au setilaiti! Bunge akapandisha sauti. Zile zinaona mpaka ugali wa ulezi chunguni. Huwezi kuficha kitu siku hizi. Na wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Neno likatua vibaya. Bunge mwenyewe alitamani kulimeza.

Mitambo akakaa taratibu.

— VPN inaficha yanayotoka nje, alisema, kama anajieleza mwenyewe. Aliye na paswedi ya waifai yuko ndani tayari. Na ya kamera niliiweka hiyohiyo. Nani anayo?

Kasuku akaweka kikombe chini.

— Ulitupatia mwenyewe, Kasuku akasema. Siku ya fainali, tuangalie mpira hapa.

— Kasuku, Mitambo akamwita.

— Niliona kamera imejitokeza kwenye simu. Nikabonyeza tu, kaka, nikarekodi. Nikamtumia Bunge peke yake.

— Na mimi nikaiweka kwenye kundi letu, Bunge akanong'ona. Tulidhani… tulicheka kidogo tu.

Mitambo akajishika kichwa.

— Mlango nimeufungua mwenyewe, alisema. Kwa mpira.

Hatukumsikia Adela akija. Alikuwa amefunga kilemba cha kwenda hospitali, mkoba begani. Bunge, anayemzidi umri mara mbili, akanyanyuka kumpisha akae. Hakukaa.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu, Bunge alijibu. Tusamehe.

Adela akamgeukia Kasuku, ambaye ukuta wa kibanda chake unagusana na wa sebule ya kina Adela.

— Jirani, uliponiona nalia, mbona hukuja kubisha hodi?

Adela aliendelea kusimama pale, anamtazama, kwa sababu alikuwa anataka jibu kweli.