Fundi wa Makoti na Kisichoonekana Ndani ya Kola

Marehemu alizaliwa tarehe 6 Machi 1981, mtoto pekee wa mama yake. Mama huyo ameagiza wasifu huu usomwe wote, mstari usirukwe. Asiyetaka kusikia akakae nje.

Alisoma mpaka darasa la saba. Huko shuleni alifumua kola ya koti la mwalimu aone kinachoisimamisha. Alichapwa, akarudi nyumbani anacheka: "Mama, ndani kuna kitambaa kigumu! Hakionekani, lakini ndicho kinachoishika!" Akawa fundi wa makoti, kibanda nyuma ya soko, na wakubwa walivaa kazi yake.

Alioa mwaka 2008. Mke alikuja na heshima zake, akaja pia na kaka mtu, muuza dawa za chupa, mdomo mpana kuliko akili.

Mwaka 2014 mke na mume walikutwa na virusi vya Ukimwi. Nesi aliwaeleza: "Kirusi kikiingia kwenye chembe ya damu, kinageuza maandishi yake ya maelekezo yafanane na ya chembe, kisha kinajipachika humo humo."

"Kumbe kimejishonea kwenye karatasi yangu ya kukatia makoti?"

"Ndiyo, fundi. Chembe ikifuata karatasi yake, inakitengeneza na kirusi chenyewe. Dawa zinakizuia kisienee, hazikifumui."

Wakameza, wakanenepa, wambeya wakakosa kazi.

Mwaka juzi kipimo kikasema virusi havionekani. Muuza chupa akadakia: "Shemeji, havionekani maana yake havipo! Tupa vidonge, kunywa yangu."

Mama akamuuliza, "Na cha kwenye kola kinaonekana?"

"Mama, wewe hukusoma."

Msomi wa lebo za chupa! Na marehemu, aliyechapwa kwa ajili ya kola, akamwamini huyo. Hilo mama yake bado limemkaa kooni.

Aliacha dawa. Alikonda, kifua kikamshika, akafariki Jumapili iliyopita mikononi mwa mama yake. Hakurogwa, wala hakulaaniwa. Kilichokuwa kimeshonewa ndani kiliamka, basi.

Juzi, hapa hapa msibani, muuza chupa alimvuta mjane pembeni: "Dada, wewe bado hujachelewa, jaribu hii." Hana haya hata ya kuazima. Mama mkwe aliipokea chupa, akaimwaga kwenye matope mbele yake.

Marehemu ameacha mama, mjane na mabinti wawili. Shemeji haonekani hapa. Si mwenyewe alisema kisichoonekana hakipo?

Mjane amemeza vidonge vyake asubuhi hii, mama mkwe kasimama mlangoni, na kesho atasimama tena.

Fundi apumzike. Mama yake yuko macho.