Nukta Nyekundu Kwenye Mpini wa Upawa

Binti yangu anastaafu! Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha lishe cha hospitali hii, anavua koti jeupe. Hamjambo nyote. Wenzake wameniomba tangazo hili niliandike mimi mama yake, na shule niliiacha darasa la nne, basi nivumilieni. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sifa zake pia.

Alianza kazi mwembamba kama ufito, wagonjwa wa sukari wakamcheka: huyu asiyekula atatufundisha nini kuhusu kula? Akawafundisha. Kipande kimoja cha mkate ni fungu moja. Theluthi ya kikombe cha wali nayo ni fungu moja. Ukila huu, ule unauacha, na kalori za siku hazizidi. Ila wanga hubadilishwa kwa wanga, na tunda kwa tunda. Aliyeacha mboga akadai mkate aliulizwa kama hilo soko ni la baba yake.

Tabu ilikuwa vipimo. Mtu ukimwambia kikombe, kwake kikombe ni ndoo. Ndipo mwanangu akabuni jambo ambalo hata daktari mkuu alilipigia makofi: kila mgonjwa aje na upawa wa nyumbani kwake. Yeye anaupimia wali, kisha anapaka nukta za rangi nyekundu ya kucha mpinini. Nukta mbili, pawa mbili, basi. Wakamwita Mama Nukta. Na mimi je, si ndiye mama wa Mama Nukta!

Baba yake naye alikuwa mgonjwa wake. Mzee yule! Alikwenda akanunua upawa mkubwa kama koleo, akaupaka nukta mbili mwenyewe, akawa anajisifu mezani kwamba hazidishi hata punje. Siku binti alipougundua tulicheka hadi machozi. Kidonda cha mguuni hakikucheka nasi. Mguu ulikatwa, na mwaka haukuisha tukamzika. Upawa ule binti aliutundika ukutani kazini, na kila mgonjwa mpya huonyeshwa. Ulikuwa wa nani, hasemi. Leo nimesema mimi.

Sasa chumba kinageuzwa stoo ya mablanketi. Hakuna aliyeajiriwa kushika nafasi yake. Wagonjwa wanamuuliza, Mama Nukta, nani atatupimia? Yeye anafunga kichupa chake cha rangi. Mimi ninaye nyumbani. Ninyi je?

Mwanangu, umewalisha watu kwa haki, asante. Pumzika. Furaha ya miaka iliyobaki jipakulie upawa ukifurika, hiyo haina nukta.

Na ninyi wengine, rangi kichupani imebaki nusu. Ambaye nukta zake zimefutika kwa kuoshwa, na ambaye hajawahi kupimiwa, aje na upawa wake Ijumaa, tarehe thelathini, saa mbili asubuhi, kabla mablanketi hayajaletwa.