Kandambili Kwenye Mlango wa Vioo

Shikamooni wakubwa. Nyie mafundi wenzangu wa umoja huu mnanijua, ila leo nawasimulia ujinga wangu, na naomba msinihurumie.

Nilikuwaga nashonea hapahapa Tabata, kwenye kibaraza cha mama mmoja aliyenikaribisha nikiwa sina hata mteja. Kisha nikapata fremu ya duka mjini, ndani ya lile jengo kubwa: chini mabasi, katikati maduka, juu maofisi. Ndugu zangu, nawaambia, lile ni banda la vioo la kufugia majivuno. Watu wanapanda ngazi za umeme, wanashinda wakitazama kompyuta, wanashuka kuwahi basi, na kila mmoja anatembea utadhani kalijenga yeye. Meneja, bwana mmoja wa tai, alinikataza kuweka benchi nje, eti linashusha hadhi. Sasa mteja wa cherehani asipokaa, umbea atautolea wapi? Lakini nikaitikia. Na mie nikaanza kusema "apointimenti".

Siku moja yule mama akanifuata na kitenge chake, anataka nguo ya kuvaa kwenye harusi ya mjukuu. Kuona vigae vinang'aa, akavua kandambili mlangoni, akazibana kwapani, akaingia pekupeku. Ndani nilikuwa nampima sista mmoja wa ofisi za juu. Sista akauliza, "Huyu ni wa kwenu?" Nikasema simjui. Tena nikamgeukia yule mama: "Bibi, mafundi wa vitenge wako Kariakoo."

Akanitazama. "Samahani mwanangu, nimekufananisha." Akatoka, na mie nikaendelea kupima kiuno cha mtu.

Wiki chache baadaye yule sista akapita mlangoni kwangu na wenzake, kavaa gauni nililomshonea. Wakalisifia, wakamuuliza kalipata wapi. Akajibu kaletewa kutoka Dubai. Nimesimama palepale, futi ya kupimia iko shingoni, wala hakunitazama. Nilitaka kumdharau, nikakosa pa kuanzia. Alichonifanyia kilikuwa kitendo changu mwenyewe, tena mie nilimfanyia aliyenipa kibaraza.

Mwisho wa mwezi nikarudisha funguo. Meneja akauliza kama nimeshindwa. Nikamwambia ndiyo, nimeshindwa kuwa kama nyie.

Nikaenda kwa yule mama, nikapiga magoti, nikaeleza yote. Hakufoka. Akasema, "Nilikutambua tangu mlangoni. Nilisema nimekufananisha ili usiadhirike mbele ya mgeni wako."

Hapo ndipo nilipolia. Harusi ilishapita, nguo ilishonwa na mwingine, nayo ilimpwaya mabegani. Nikamwomba aniachie niibane, akaniletea.

Nawashukuru mlionirudisha kwenye umoja huu bila masimango. Walionisimanga nao nawashukuru, walikuwa na haki. Somo langu ni dogo: ukiona mahali panakutaka uwakane watu wako ndipo upendeze, ondoka mapema, usisubiri kufundishwa na gauni.

Yule mama amekaa humu, simtaji, hapendi kutajwa. Mama, mbele ya watu wote hawa: mie nakujua.