Mwalimu Simeon na Jamhuri ya Mursik

Leo Ijumaa, tarehe 18 Julai 2025, Mwalimu Simeon Wahome anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki. Ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia hapa kwetu, shule ya kutwa ambayo watu wa boda huiita "ile ya nyuma ya mtaa wa Pioneer". Aliwafundisha wazazi Historia na Serikali, na sasa anafundisha watoto wao, na anasema majibu yao ya mtihani yanafanana. Kamati ya sherehe iliniambia niandike ukurasa mmoja. Nikiandika yote hatutakula, kwa hivyo nitachagua.

Mwalimu ni mtu wa Yamumbi, alizaliwa huko na bado yuko huko. Alianza kazi upande wa Kesses, kisha akaletwa kwetu akiwa na baiskeli na redio ndogo ya kusikilizia habari za dunia. Baiskeli ilistaafu kabla yake. Redio bado iko, na ikinyamaza anaipiga kofi dogo, nayo inaendelea na habari pale ilipoachia. Staffroom nzima tumejua mambo ya nchi za mbali kwa sababu ya hiyo redio, hata sisi ambao tulikuwa tunataka tu kujua kama itanyesha.

Lakini kitu ambacho hatutasahau ni Jumuiya.

Mwalimu alikuwa amechoka kuona wanafunzi wakikariri mambo ya jumuiya za mataifa kama wanakariri namba ya simu. Akaamua kila darasa liwe nchi, na nchi zote ziungane. Kosa lake lilikuwa kuwaachia wachague majina ikiwa karibu saa ya lunch. Ndio maana Kidato cha Nne ikawa Ufalme wa Githeri, Kidato cha Tatu ikawa Shirikisho la Chapati, na wale wadogo wa Kidato cha Kwanza wakaitwa Visiwa vya Madondo. Mwalimu mwenyewe alikuwa Katibu Mkuu. Kidato cha Pili walikataa kuingia, wakasema huo ni mchezo wa watoto, mpaka waliposikia kwamba nchi wanachama zitapelekwa Arusha kwa basi, kuona makao makuu ya Jumuiya ile ya ukweli. Siku hiyohiyo Jamhuri ya Mursik, yaani ya maziwa ya kibuyu, ilizaliwa na kuomba uanachama.

Masharti yalikuwa wazi: rais achaguliwe kila muhula kwa kura ya siri, gazeti la ukutani lisiguswe, na mpinzani aachwe aongee. Mursik walikubali yote. Wakamchagua Kipchumba, kijana mrefu, mcheshi, mwenye mpira.

Muhula wa pili ulipofika, uchaguzi haukufika. Kipchumba alieleza kwamba CAT, ile mitihani ya ndani ya muhula, ziko karibu na nchi inahitaji utulivu. CAT zikaisha, akasema sasa nchi imechoka. Gazeti la ukutani likabanduliwa "kwa ajili ya rangi", na hiyo rangi hatujaiona mpaka leo. Nasambu, msichana aliyekuwa mpinzani, alipouliza, jina lake likaanza kuonekana kwenye list ya noisemakers, wapiga kelele wa darasa, kila siku, hata siku moja ambayo alikuwa amebaki nyumbani anaumwa na jino. Adhabu ya noisemaker ni kufyeka nyasi. Nasambu alifyeka mpaka tukaanza kuona uwanja una mteremko.

Hapo mataifa yakaingilia kati. Mimi karani wa shule ndiye nilikuwa napiga chapa matamko yao, kwa hivyo nayajua. Githeri walisema wana wasiwasi mkubwa. Wiki iliyofuata walisema wasiwasi wao umeongezeka. Chapati walisema hayo ni masuala ya ndani ya Mursik, na ni kweli kwamba jioni hizo walikuwa wanachezea mpira wa Kipchumba. Madondo hawakusema kitu, maana walikuwa wadogo na rais alikuwa mrefu. Githeri walipoweka vikwazo, wakakataa kuwaazima Mursik vifaa vya hesabu, Mursik waliviazima kwa Chapati. Huko Mursik kukapigwa kura moja ya haraka, mgombea akiwa mmoja, na waangalizi wakatumwa. Walipewa mandazi mlangoni, na wakaandika kwamba kura imekwenda kwa amani kabla sanduku halijafunguliwa.

Kisha Githeri wakaandika tamko kali zaidi, la kulaani, likazungushwa madarasani ili kila waziri wa mambo ya nje aweke sahihi. Waziri wa Mursik alikuwa Brigid, na Brigid kila karatasi iliyopita saa ya lunch alikuwa anaitia sahihi ili awahi foleni. Kesho yake serikali ya Mursik ikasomwa kwenye paredi ya asubuhi ikiilaani serikali ya Mursik. Mwalimu Simeon alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi za bendera.

Halafu kicheko kikaisha, kwa sababu siku ya basi ilikuwa karibu na uamuzi wa kuwapa Mursik uanachama ulikuwa wake. Akiwakubali Mursik, Kipchumba angeenda Arusha akiwa mshindi. Akiwakataa, Nasambu angebaki. Huyo mtoto alikuwa amefyeka uwanja mzima kwa sababu ya kuuliza swali, na alikuwa hajawahi kupita Nakuru. Principal wetu, Madam Chelimo, alimshauri awaingize tu, watabadilikia huko ndani. Mama yake Kipchumba alifika ofisini na kitambaa kichwani, akamwambia, "Mwalimu, si hii ni mchezo tu?" Mwalimu akamjibu kwa upole, "Ndio, Mama. Afadhali ajifunzie hapa, gharama ikiwa kiti cha basi." Akakataa kutia sahihi. Lakini nilimwona siku hizo, chai yake ilikuwa inapoa mkononi.

Akaita wanafunzi wote, akahutubia karibu saa nzima kuhusu viongozi wanaokwamilia viti. Alipomaliza akauliza kama kuna swali. Nasambu akasimama, mikono bado ina malengelenge.

"Mwalimu, mwenyekiti wa chai ya staffroom alichaguliwa lini?"

Wageni wetu mliofika leo, inabidi niwaeleze. Mwenyekiti wa chai ya staffroom ndiye anashika ufunguo wa kabati ya sukari, na wakati huo alikuwa Mwalimu Simeon Wahome. Alikuwa ameshika huo ufunguo miaka kumi na moja. Alipewa kwa muda tu, aliyekuwa nao alipohama, na kila mtu akigusia uchaguzi alikuwa anatuambia maziwa imepanda bei, si wakati mzuri wa kubadilisha uongozi. Sisi pia tulikuwa tunanung'unika, tunasema tuna wasiwasi, kisha tunakunywa.

Mwalimu alivua miwani, akaipangusa na tai, akairudisha. Akasema, "Jumatatu."

Na Jumatatu tulipiga kura, sanduku likiwa katoni ya chaki. Mwangalizi mkuu alikuwa Rais Kipchumba wa Mursik, kwa ombi la Mwalimu mwenyewe, na hakukuwa na mandazi. Mwalimu Simeon alipata kura mbili. Moja ni yake na nyingine bado inachunguzwa. Madam Eddah wa Biolojia alichukua zilizobaki. Mwalimu alitoa ufunguo shingoni, maana alikuwa anauvaa shingoni, akamkabidhi, akampa mkono. Madam Eddah akafungua kabati na kikombe cha kwanza akampa yeye, maziwa mengi, sukari vijiko viwili. Kwa miaka kumi na moja tulikuwa tunapewa kijiko kimoja.

Kipchumba alikuwa amesimama na katoni yake, anatazama mtu aliyeshindwa akinywa chai tamu. Akauliza polepole, "Kwani ni hivyo tu?" Mwalimu akamwambia, "Ni hivyo tu, Rais. Inauma kidogo hapa kifuani, halafu unaletewa chai."

Alhamisi Mursik walipiga kura. Nasambu alishinda. Amri yake ya kwanza ilikuwa kufuta list ya noisemakers, na darasa likapiga kelele mpaka tukaifikiria tena. Ya pili ilikuwa kumfanya Kipchumba waziri wa michezo, maana mpira ulikuwa bado wake. Basi lilienda Arusha na nchi nne. Leo Nasambu yuko Kidato cha Nne, na ndiye atakayeongea kwa niaba ya wanafunzi. Mwalimu, jiandae kwa maswali.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo mtaniruhusu. Nilipojifungua na kurudi kazini, Mwalimu aliniambia saa ya lunch niende nyumbani ninyonyeshe, yeye atakaa kwenye simu ya ofisi. Alikaa hapo muhula mzima. Wazazi walikuwa wanapiga kuuliza kuhusu karo na wanaelezwa katiba, lakini mtoto wangu alinyonya kwa wakati.

Mwezi uliopita Madam Chelimo alimwomba abaki hadi mwisho wa mwaka, kwa kuwa mwalimu mwingine wa Historia hajapatikana. Staffroom tuliunga mkono. Wazazi waliunga mkono. Hata mama yake Kipchumba alipiga simu. Mwalimu alisikiliza wote, akashukuru, akasema watoto wa darasa lake wapo hapa wanaangalia, na muhula wake umeisha. Kisha akaniachia redio yake mezani, na maelekezo ya mahali pa kuipiga kofi.

Asante, Mwalimu. Mungu akupe afya, ng'ombe watoe maziwa, na mvua ya Yamumbi ije kwa wakati. Huko unakokwenda unarudi chini ya serikali ya Mama Mwihaki, ambayo tangu siku ya harusi haijaitisha uchaguzi hata mmoja. Jumuiya imekaa, imejadili, na inatamka kwa kauli moja: hayo ni masuala ya ndani, na hatuna wasiwasi wowote.

Christabel Nyokabi, karani, kwa niaba ya wafanyakazi wote